Sanduku la Joto la Wilaya Saba

Ipo nchi ambayo sitaitaja jina, na si kwa woga. Mimi ni mtangazaji wa redio ya serikali, na mtu anayesoma ukweli mtupu kila siku saa mbili usiku, tena ukweli uliokwisha kupigwa muhuri, ataogopa nini? Siitaji kwa sababu ni nchi ndogo, na nina wasiwasi ikitajwatajwa itachakaa. Msomaji akiiona inafanana na nchi yake asinitafutie kesi. Duniani wawili wawili.

Nchi hiyo ina desturi iitwayo kuonja. Ilianza jikoni, kama yanavyoanza mambo mengi mazuri. Mpishi huonja mchuzi ajue kama chumvi imekolea, na asipoonja atawaaibisha wenye nyumba mbele ya wageni. Baada ya uhuru wakubwa waliona si haki desturi njema kama hiyo ibaki kwa wanawake peke yao, wakaipandisha cheo ikahamia maofisini. Tangu hapo kitu chochote cha umma kikipita mkononi mwa mtu, mtu huyo huonja kidogo. Si ulafi. Anahakikisha kuwa kitu ni kizuri kabla hakijawafikia wananchi.

Saruji ya shule huonjwa. Dawa za hospitali huonjwa, na waonjaji wake wana afya njema sana. Barabara ya kaskazini ilionjwa kwa uangalifu mkubwa hata ikabaki upana wa baiskeli, na wenye baiskeli wakaandamana kuishukuru serikali. Wananchi hawalalamiki, maana kila mtu ana shemeji mahali fulani anayeonja, na shemeji akishiba makombo hushuka. Asiye na shemeji hushauriwa aoe vizuri.

Sasa, mwaka mmoja watoto njiti walikufa wengi mno, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia. Walikufa kwa baridi, kwa kuwa mtoto wa namna hiyo hana nyama ya kujipasha joto. Kwa kawaida habari kama hizi hazifiki Bungeni, lakini mwaka huo alikufa mjukuu wa mbunge. Bunge likalia, likasimama kimya, likapitisha mashine za kulelea watoto njiti, moja kwa kila wilaya. Wilaya zetu ni saba. Watu waliziita masanduku ya joto, na walizipigia vigelegele kabla hazijanunuliwa.

Zilianza safari zikiwa saba. Hazina ilionja mbili zingali karatasi. Wizara ikaonja mbili, kwa kuwa wizara si ndogo kuliko Hazina kwa idadi ya viti. Bandarini ikaonjwa moja. Moja ikaonjwa bohari kuu. Iliyobaki ilibaki kwa sababu haikupita kwenye mlango wa nyumba ya mtunza bohari, ingawa alijaribu kuiingiza hata kwa ubavu. Ndipo mfuniko wake ulipopata mkwaruzo mrefu wenye umbo la mundu, na mkwaruzo huo naomba msomaji aukumbuke.

*

Nchi yetu haivumilii uovu, na ndiyo maana ina Tume ya Kuzuia Kuonja Kupita Kiasi. Mwenyekiti wake ni Jaji Mstaafu Kibwana Mshindo, mzee wa sauti nzito ambaye hata akiomba maji ya kunywa unahisi umehukumiwa. Tume ilijengewa ofisi nzuri, bahati mbaya paa lake likaonjwa, kwa hiyo hufanyia vikao hotelini.

Jaji Mshindo alitangaza kuwa Tume itazunguka wilaya zote ione mashine saba kwa macho yake. Wizarani wengi wakaomba likizo ya ugonjwa. Mtu mmoja tu hakutetereka, naye ni Bwana Kasanda, Mratibu Mkuu wa Mapokezi, mwembamba, mpole, mwenye leso safi mfukoni.

"Ndugu zangu," aliwaambia wakubwa wake, "Tume ni ngapi?"

"Ni moja."

"Inaweza kuwa wilaya mbili kwa wakati mmoja?"

"Haiwezi."

"Basi kwa nini mashine iweze?"

Wakubwa walitazamana, wakaona kweli nchi hii haina upungufu wa akili. Iliamuliwa kuwa mashine itatangulia. Tume ikimaliza kuitazama na kuketi kula, mashine itatokea mlango wa nyuma, itapakiwa kwenye lori pamoja na jenereta dogo, na Tume ikifika wilaya inayofuata itaikuta imeshatandikwa inangojea. Mimi niliambiwa niandamane na lori ili nitangaze kila uzinduzi moja kwa moja kutoka kwenye tukio. Niliona ni heshima kubwa.

*

Wilaya ya Kwanza kulikuwa na mama lishe aitwaye Mwasiti, mwenye kibanda chake pale malori yanapopumzika. Wali maharage wake unajulikana barabara nzima. Mume alikuwa amekwenda machimboni na hajaleta salamu. Mwasiti alikuwa ameshazaa mara mbili, mara zote kabla ya miezi kutimia, na mara zote mtoto akarudi alikotoka kabla jua halijazama. Safari hii ya tatu uchungu ulimshika juu ya sufuria, mimba ikiwa ya miezi saba.

Akafika hospitali siku ambayo sanduku la joto limechomekwa ukutani, linawaka taa ya kijani, likingoja kutazamwa. Sista Editha, muuguzi wa zamu, hakuomba ruhusa kwa mtu. Alimtia mtoto ndani. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo hata nepi ikawa kubwa, ikabidi atiwe kitambaa cha leso. Kufika alasiri akawa amebadilika rangi, akaanza kunyonya hewa kwa midomo. Mwasiti alisimama pembeni ya kioo, akaweka kiganja juu yake, akawa anacheka na kulia.

Tume ikafika, ikapiga makofi. Mkuu wa Wilaya, kwa furaha ya kukuta mashine yake ina mtoto halisi, akatangaza kuwa wilaya inampa jina la Maendeleo.

"Mheshimiwa, kwetu mtoto njiti hapewi jina mapema," Mwasiti alisema taratibu. "Jina humwita mtu, na huyu bado hajawa tayari kuitika. Jina lake ninalo. Nitampa siku nitakayomvusha kizingiti cha nyumba yangu."

"Hilo la kwako utampa, Mama. Hili ni la matumizi ya wilaya."

Tume ilipoketi kula, Bwana Kasanda akaja na wapagazi kwenye mlango wa nyuma.

"Mtoto atolewe," alisema.

"Akitolewa atakufa," Sista Editha alijibu.

Bwana Kasanda alifuta paji la uso kwa leso yake safi. Hakuwa mtu katili, na ninasema hivi kwa kuwa nimekula naye. Alitafakari, kisha uso ukamng'aa.

"Basi asitolewe. Aende nayo. Hata hivyo mashine yenye mtoto inapendeza kuliko tupu."

"Na mimi?" Mwasiti aliuliza.

"Wewe, Mama, hukuwekwa kwenye ratiba."

"Kwenye ratiba mna mpishi?"

Hawakuwa na mpishi. Nafasi ya mpishi ilikuwa imeonjwa. Mwasiti, ambaye alikuwa amejifungua siku ileile, alipanda lori akiwa ameshika sufuria yake, akajibanza kati ya jenereta na sanduku, na Sista Editha akapanda nyuma yake akisema yeye ni kipuri cha mashine.

*

Nitasimulia upesi wilaya zilizofuata, maana kwa kweli zilikuwa moja iliyobadilisha mapazia.

Wilaya ya Pili mtoto aliitwa Uwajibikaji. Wilaya ya Tatu walikuwa na watoto wa kike wengi kwenye takwimu, wakaomba huyu awe wa kiume kwa muda wa ziara, akaitwa Mzalendo na kufunikwa shuka la bluu. Kila mahali palikuwa na utepe, mkasi kwenye sahani, na kwaya iliyoimba wimbo uleule ikibadilisha jina la wilaya. Mimi nilikuwa hewani. Nilieleza rangi za utepe.

Kila mahali pia Jaji Mshindo alipewa zawadi, mbuzi huku, asali kule, kiti cha kuchonga mahali pengine. Msomaji asifikirie vibaya. Tume haionji. Tume hupokea zawadi, na zawadi ni mila, na serikali yetu inalinda mila. Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono wa Jaji haukulambwa, ulijazwa tu. Baada ya wilaya tatu zawadi zilihitaji lori lao, na lilikuwa kubwa kuliko letu.

Wilaya ya Nne Jaji aliinama juu ya mfuniko, akavaa miwani.

"Nauona mkwaruzo hapa," alisema. "Nadhani niliuona na kule."

Bwana Kasanda akasogea hatua moja, mikono nyuma.

"Ni alama ya kiwanda, Mheshimiwa."

"Zinayo zote?"

"Zote bila kubakisha, Mheshimiwa. Ndiyo inayozitofautisha na za kughushi."

"Vizuri," Jaji alisema. "Nimefurahi kuona ubora unaolingana." Akanyoosha kidole kwa Mwasiti aliyesimama karibu na ukuta. "Na mama huyu pia nadhani nilimwona."

"Akina mama wa nchi hii wanafanana, Mheshimiwa. Ni shida."

Jaji alicheka kidogo, akatikisa kichwa kwa huruma. Nilimtazama machoni wakati ule, na hadi leo sijui kama alijua. Kadiri ninavyofikiri naona haikuwa na tofauti yoyote.

*

Kati ya Wilaya ya Tano na ya Sita, jenereta lilikohoa mara mbili likanyamaza. Taa ya kijani ikazimika. Tulikuwa porini, hakuna nyumba.

Mwasiti aligonga kibanda cha dereva hadi lori likasimama.

"Kaka Maulidi, dumu la petroli liko wapi?"

Dereva Maulidi aliteremka, akatazama matairi yake kwa muda mrefu kuliko matairi yanavyostahili.

"Dada, nimeliuza pale njiapanda," alisema hatimaye. "Posho yangu imeonjwa tangu wizarani. Nimeacha watoto wanne nyumbani hawajui watakula nini. Nilidhani lililomo ndani ya jenereta litatufikisha."

Nilingoja amtukane. Hakumtukana. Nadhani ingekuwa rahisi kwetu sote kama angekuwa mtu mbaya, lakini Maulidi alikuwa analia na kamasi linamtoka, na Mwasiti alimjua, alikuwa mteja wake wa miaka. Alifungua sanduku, akamtoa mtoto, akafungua blauzi, akamlaza kifuani kati ya maziwa mawili, ngozi kwa ngozi, akajifunga kanga mbili juu yake na turubai juu ya kanga. Hivyo ndivyo tulivyokwenda hadi mwisho wa pori. Sista Editha kila baada ya kitambo aliingiza sikio ndani ya kanga.

"Anapumua vizuri," alisema. "Vizuri kuliko kwenye sanduku."

Nilitoa kinasa sauti changu nikamwomba Mwasiti awaambie wasikilizaji anavyojisikia.

"Mimi ni mpishi," alisema. "Mpishi anaonja kwa ncha ya kijiko ajue chumvi. Akimaliza kuonja, chakula bado kipo. Hawa wenzangu sijui walifundishwa na nani."

Kituo kilikata sehemu hiyo kwa sababu ya muda.

Wilaya ya Sita kulikuwa na umeme. Mwasiti alimrudisha mtoto sandukuni utepe ukatwe, akamtoa mara tu Tume ilipogeuka. Alikuwa anaongezeka. Sisi sote kwenye lori tulikuwa tunaliona hilo, hata Maulidi, aliyeanza kukwepa mashimo kana kwamba amebeba mayai. Ilikuwa imebaki wilaya moja. Bwana Kasanda alikuwa ameahidi kuwa baada ya hapo lori litamrudisha Mwasiti hadi mlangoni kwake, na mara mbili nilimsikia akimnong'oneza mtoto habari za nyumba, kwamba ni ya udongo lakini haivuji.

*

Wilaya ya Saba iko mlimani. Ni baridi kiasi kwamba mchana watu wakiongea mvuke unawatoka vinywani. Nguzo za umeme zilifika kule miaka mingi iliyopita, zimesimama wima hadi leo, ni nyaya tu zilizoonjwa. Petroli ya jenereta ilikuwa imeagizwa kutoka makao makuu, na njia ni ndefu, ina mikono mingi. Mkuu wa Wilaya hakukata tamaa. Alifunga tochi ndani ya sanduku na kubandika karatasi ya kijani kwenye kioo chake, na kwa kweli ukisimama mbali ilipendeza.

Mwasiti aliingiza mkono ndani ya sanduku akautoa.

"Humu ni baridi kuliko nje," alisema. "Simweki."

"Ni kitambo kidogo tu, Mama," Bwana Kasanda alisema. "Salamu na picha."

"Simweki, Baba. Mwambie Mheshimiwa mtoto yuko kwa mama yake."

Bwana Kasanda alichuchumaa mbele yake, mtu mkubwa wa wizara na suruali yake ya suti kwenye vumbi. Hakufoka. Aliyoyasema yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo linalonisumbua.

"Mama nisikilize. Wakikuta sanduku tupu halina umeme, wataanza kuuliza. Wakiuliza wataambiwa. Wakiambiwa watalichukua hili moja kuwa kielelezo, litakaa stoo ya mahakama hadi sisi wote tufe. Ndilo pekee nchi nzima. Mwanamke atakayejifungua njiti kesho atamweka wapi wake? Na mimi nikifukuzwa leo, nani atakupa lori? Kutoka hapa hadi kwako utamfikisha kwa miguu?"

Mwasiti alimtazama Sista Editha. Sista Editha alikuwa anaajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na wa sasa ulikuwa umeshaisha. Alitazama chini.

"Salamu na picha," Mwasiti alisema.

"Salamu na picha, Mama."

Alivua kanga zake zote mbili akazikunja, moja chini, moja juu. Alimlaza. Akafunga mfuniko mwenyewe, polepole, kisha akawekwa nyuma ya kamba pamoja na akina mama wengine, ili asiharibu picha.

Tume ilichelewa, ilikuwa imesimama njiani kupokea fahali. Ilipofika kwaya ikaimba beti zote. Ndipo Jaji Mshindo akapanda jukwaani, akaweka mkono wake wa kulia juu ya mfuniko wa sanduku, na kwa kuwa hii ilikuwa wilaya ya mwisho, akatoa hotuba yake kuu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuonja ni adui wa haki. Anayeonja dawa ya mgonjwa amemuua mgonjwa. Anayeonja joto la mtoto amemuua mtoto, hata kama mikono yake ni safi na suti yake imepigwa pasi."

Tulipiga makofi. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutangaza, na nasema hivyo bila kejeli. Alianzia kwa mababu. Akapita ukoloni, akauchambua. Akasimulia jinsi yeye alivyokataa kuku akiwa hakimu kijana. Jua likapita nyuma ya mlima na kivuli kikashuka juu ya uwanja, watu wakaanza kujikunyata, na bado alikuwa hajafika kwenye mapendekezo.

"Kaka, nipishe," nilimsikia Mwasiti akimwambia askari wa kwenye kamba. "Nimfunike tu."

"Mama, Mheshimiwa anaongea."

"Nitapita kwa kuinama."

"Mama, tafadhali. Nitafukuzwa kazi."

Akarudi nyuma. Baada ya muda akaomba tena, na askari akamjibu vilevile, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayeomba yeye. Mimi nilikuwa hewani. Mwanga wa kijani wa tochi ulikuwa unafifia.

"Nami," Jaji alihitimisha, "mtoto huyu wa saba ninampa jina mimi mwenyewe. Aitwe Tumaini." Makofi yalikuwa marefu. Nikawatangazia wananchi kuwa watoto saba katika wilaya saba wameokolewa.

Tume ikaenda kula. Sista Editha akafungua mfuniko, akatia mkono ndani, akautoa. Akautia tena. Halafu akabaki ameinama vilevile.

Mwasiti alipita chini ya kamba, na hakuna aliyemzuia. Alimchukua mtoto, akafungua blauzi, akamlaza mahali pake kifuani na kujifunga kanga mbili, kama kule porini. Aliketi kwenye ngazi ya jukwaa. Tulingoja. Nilitamani kitu kimoja tu maishani mwangu wakati ule, Sista Editha aingize sikio ndani ya ile kanga na kusema anapumua vizuri. Sista hakusogea.

Bwana Kasanda alilia, leso yake ikalowa. Alipomaliza alikuja kunishika mkono pembeni, akaniomba nisiseme kitu kwa Tume. Namba ilikuwa imeshasomwa redioni, ni saba, na katika nchi yetu kilichosomwa redioni hakifi.

Maulidi alimrudisha Mwasiti hadi kwake, kama ilivyoahidiwa. Mwasiti hakukubali kumfungua mtoto kifuani njia nzima. Sista Editha, aliyekuwa pamoja naye, ameniambia kuwa walipofika Mwasiti alivuka kizingiti, akasimama katikati ya nyumba, akainamisha kichwa ndani ya kanga, akasema neno moja. Kisha akawaruhusu wanawake wa jirani waingie na maji ya kuoshea.

*

Taarifa ya Tume ilitoka ikiwa na jalada la ngozi. Ilithibitisha mashine saba, zote za kiwanda kimoja. Ilisifu ubora. Ilipendekeza Tume iongezewe paa.

Sanduku lenyewe halikurudi wilaya yoyote. Kwa kuwa sasa ni la kihistoria, limewekwa ukumbini kwenye ofisi za Tume, na ndani yake wamepanga maua ya plastiki. Watoto njiti wanaruhusiwa kuja kulitazama siku za kazi.

Kila mwaka nchi huadhimisha Siku ya Watoto Saba. Huazimwa watoto saba kutoka shule ya karibu, mmoja hujibu kwa Maendeleo, mwingine kwa Mzalendo, na kadhalika hadi Tumaini, na hupewa soda. Mwaka huu kituo kilinituma nimtafute mama yeyote aliyenufaika, aseme maneno mafupi. Nikaenda Wilaya ya Kwanza, kwenye kibanda cha pale malori yanapopumzika.

Mwasiti alinitambua. Alinikaribisha benchi, akaendelea na kazi. Nilimweleza nia yangu. Nikamwambia kwamba majina saba nchi nzima inayajua, lakini lile jina lake yeye, alilolisema nyumbani kwake, halijawahi kusikika, nami ningependa walau mara moja lisomwe redioni, kwa heshima.

Alifunua sufuria ya maharage, akachota kwa ncha ya kijiko, akaonja, akaongeza chumvi kidogo, akafunika.

"Mna majina saba," alisema. "Hayawatoshi?"

"Lile la kwako, Mama."

"La kwangu sikupi, mwanangu. Halijapita mkononi mwa mtu, ndiyo maana lipo zima."

Kisha akanipakulia wali wangu na maharage, sahani imejaa hadi ukingoni, akaenda kumsikiliza dereva mwingine.